Kwa nini mchicha ulionyauka husimama tena: jibu kuhusu seli ya mmea na seli ya mnyama

Swali la msomaji: "Mtaalamu, shikamoo. Binti yangu yupo kidato cha kwanza hapa Morogoro. Katika jaribio la baiolojia aliandika kwamba mmea hauna mitokondria kwa sababu una kloroplasti, akakosa. Nilipomuuliza kazi ya kila sehemu ya seli alinitajia majina kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, lakini hakuweza kunieleza, nami sikuweza kumsaidia. Halafu tukiwa jikoni akaniuliza jambo lililonishinda kabisa: kwa nini mchicha ulionyauka ukiwekwa kwenye maji husimama tena, lakini nyama iliyokauka, hata ikilala majini usiku kucha, hairudi kuwa kama ilivyokuwa? Naomba unifafanulie sehemu za seli ya mmea na ya mnyama na kazi zake, ili nimweleze mwenyewe."

Marahaba, mama. Nianze na lile kosa la binti, kwa kuwa nimelisahihisha katika madaftari ya wanafunzi kwa miaka mingi na ninaamini chanzo chake si uzembe wa mtoto bali ni namna somo lenyewe linavyopangwa. Mwanafunzi huwekewa michoro miwili, seli ya mmea upande huu na ya mnyama upande ule, kisha huambiwa ataje tofauti. Naye kwa haraka ya kutafuta tofauti hudhani kwamba kila kilichoongezeka upande mmoja kimechukua nafasi ya kitu kingine upande wa pili. Kloroplasti haikuchukua nafasi ya mitokondria. Kloroplasti hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na mitokondria huivunja sukari hiyo kwa msaada wa oksijeni ili nishati iliyofungwa ndani yake ipate kutumika. Moja ni shamba, nyingine ni jiko, na mwenye shamba haachi kuhitaji jiko.

Ushahidi uko ardhini. Mzizi wa mmea wa mahindi umo gizani na hauna kloroplasti, lakini hukua, hupenya udongo na kufyonza madini, na nguvu ya kufanya hayo yote hutoka katika mitokondria zake, zinazovunja sukari iliyoshushwa kutoka kwenye majani. Ndiyo maana maji yakituama shambani kwa siku kadhaa mahindi huanza kuwa ya njano, na wakati mwingine hunyauka ilhali yamesimama ndani ya maji: maji yamefukuza hewa kwenye udongo, mitokondria za mizizi zimekosa oksijeni, na mzizi uliokosa nishati haumudu tena kazi ya kuupatia mmea maji. Mpunga huvumilia hali hiyo kwa sababu ndani ya shina na mizizi yake mna mianya inayoteremsha hewa kutoka juu. Mchu, mmojawapo wa mikoko ya pwani yetu, hutoa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizochomekwa, ikapata hewa wakati maji yamekupwa. Na usiku, jani lile lile la kijani likiwa limeacha kutengeneza chakula, mitokondria zake huendelea na kazi hadi asubuhi. Kwa hiyo binti aandike hivi: seli ya mnyama ina mitokondria, seli ya mmea nayo ina mitokondria, na ikiwa ni seli ya sehemu ya kijani, ina kloroplasti pia.

Sasa nije kwenye seli yenyewe. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo, ambacho hutokana na gome la mti wa jamii ya mwaloni, akakitazama kwa hadubini na kuona vijumba vingi vidogo vilivyopakana. Aliviita kwa neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, na ni neno hilo hilo, kwa njia nyingine, lililotupatia selo ya kituo cha polisi. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tupu za seli zilizokwisha kufa. Wenye nyumba walikuwa wameondoka. Zaidi ya miaka 170 ilipita kabla ya Wajerumani wawili, Matthias Schleiden aliyechunguza mimea mwaka 1838 na Theodor Schwann aliyechunguza wanyama mwaka 1839, kusema wazi kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Ninayataja haya kwa sababu jambo lililowashangaza wanasayansi wa wakati ule lilikuwa ni kufanana. Mtu anayeanza na tofauti anaanzia mwisho, na hapo ndipo binti yako alipopotezwa.

Kila seli, iwe ya mchicha au ya ng'ombe, imezungukwa na utando wa seli, ambao umetengenezwa kwa mafuta na protini na ni mwembamba mno: ungehitaji kupanga tando kama elfu kumi, mmoja juu ya mwingine, ili upate unene wa karatasi moja ya daftari. Utando huu ndio mlinzi wa mlango. Maji hupita, oksijeni hupita, lakini chumvi na sukari hazipiti ovyo mpaka zipitishwe katika milango maalumu ya protini iliyopachikwa kwenye utando. Shika jambo hili la maji kupita na chumvi kuzuiwa, mama, kwa sababu ndilo litakalotujibu habari ya mchicha. Ndani ya utando mna saitoplazimu, uteute ambao sehemu yake kubwa ni maji, na humo ndimo vinamoelea au kushikizwa vyombo vingine vyote vya seli.

Kilicho kikubwa kati ya vyombo vya seli ya mnyama, kwa kawaida, ni kiini. Kiini kina utando wake wa pande mbili wenye matundu, na ndani yake hutunzwa DNA, yaani maandishi ya urithi. Watoto hukariri kwamba kiini huongoza kazi zote za seli, na maneno hayo si ya uongo, lakini hayaelezi kiini kinaongozaje. Kinaongoza kwa kutoa maelekezo ya kutengeneza protini. Chukua seli ya kongosho inayotengeneza insulini. Sehemu ya DNA yenye maelekezo ya insulini hunakiliwa kuwa RNA. Nakala hiyo hutoka nje kupitia tundu la utando wa kiini. Huko hupokewa na ribosomu, chembe ndogo ambazo hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kuzionyesha, nazo huisoma nakala na kuunganisha asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa. Ribosomu hizi zimeshikamana na retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando zilizokunjamana kuanzia kwenye kiini, na mnyororo unaotengenezwa huingia ndani ya mtandao huo ukakunjwa kupata umbo lake. Kisha husafirishwa hadi kwenye chombo cha Golgi, kilichopewa jina la Mwitalia Camillo Golgi aliyekieleza mwaka 1898, ambako hukamilishwa, hufungashwa katika vifuko vidogo na kupelekwa kwenye utando wa seli ili kumwagwa katika damu. Binti akiifuata safari hii moja kutoka mwanzo hadi mwisho atakuwa amejifunza kazi za vyombo vitano, na hatavisahau, kwa kuwa kila kimoja kitamkumbusha kinachofuata.

Uthabiti wa safari hiyo tunaujua kwa uchungu katika nchi zetu. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu, ina minyororo ya aina mbili, na mmoja kati ya hiyo una asidi amino 146. Mtu mwenye sikoseli amerithi DNA ambayo herufi moja tu imebadilika, na kwa sababu hiyo ribosomu huweka asidi amino isiyo yake katika nafasi ya sita ya mnyororo ule. Ribosomu haikukosea, imesoma ilichoandikiwa. Lakini kwa badiliko hilo moja hemoglobini hushikana na kuwa nyuzi ngumu oksijeni inapopungua, chembe ya damu hujikunja kama mundu, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na hiyo ndiyo sababu badiliko hilo limebaki kwa wingi katika maeneo yenye mbu wa malaria. Nimelieleza hili kwa kirefu kidogo kwa kuwa ukishaliona, kiini na ribosomu haviwi tena majina ya kwenye mchoro.

Kuhusu chembe nyekundu za damu kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: za binadamu, zikikomaa, hazina kiini wala mitokondria. Zimevitoa vyote ili zipate nafasi ya hemoglobini, na hivyo haziwezi kujikarabati. Huishi takriban siku 120 kisha mwili huziondoa. Za kuku zina kiini. Kwa hiyo ukisikia kwamba "kila seli ya mnyama ina kiini", ujue ni kanuni yenye udhuru, na mwanafunzi anayeujua udhuru huo ameielewa kanuni vizuri zaidi.

Mitokondria nimekwisha kuzieleza kazi, ila niongeze kwamba idadi yake hufuata mahitaji. Seli za misuli ya moyo zimejaa mitokondria, kwa kuwa moyo haupumziki. Seli zisizo na kazi nzito zina chache. Nazo zina DNA yake zenyewe, kidogo, ambayo binadamu huirithi kwa mama. Kloroplasti pia zina DNA yake. Kwa sababu hiyo na nyinginezo wanabaiolojia wanakubali kwamba vyombo hivi viwili vilikuwa bakteria waliokuwa wakiishi kivyao hapo kale, wakamezwa na seli kubwa bila kuyeyushwa, wakabaki humo kama wapangaji waliogeuka kuwa wanafamilia. Hoja hiyo iliimarishwa na Mmarekani Lynn Margulis katika makala yake ya mwaka 1967. Mimea ilipokea wapangaji wa aina zote mbili. Wanyama tulipokea wa aina moja.

Hapo ndipo njia zinapoachana, na sasa tuje kwenye tofauti. Mmea husimama mahali pamoja, hujitengenezea chakula na hauna mifupa. Mnyama hutembea, hula alichokikuta na, kwa upande wetu, mwili hubebwa na mifupa. Ukiyashika hayo, vitu vitatu vilivyozidi katika seli ya mmea, yaani ukuta, vakuoli kubwa na kloroplasti, vinakuja vyenyewe bila kukaririwa.

Ukuta wa seli uko nje ya utando, wala si kitu kimoja na utando. Wanafunzi wengi huvichanganya. Umejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizopishana, na kati ya seli na jirani yake kuna pektini inayozigandisha pamoja kama saruji. Pamba unayoivaa karibu yote ni selulosi, na kamba ya mkonge ni kuta nene za seli zilizokufa zikabaki zimeungana kwa urefu. Embe likiiva hulainika kwa sababu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kuvunja au kujenga vitu, vimeyeyusha pektini, seli zikaanza kuachiana. Tofauti na utando, ukuta hauchagui: maji na chumvi hupita. Kazi yake ni kushikilia umbo na kuzuia seli isivimbe kupita kiasi.

Vakuoli ni mfuko wa maji uliozungukwa na utando wake, wenye chumvi, sukari, asidi na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani yake. Katika seli changa ya mmea vakuoli ni ndogo na huwa nyingi, lakini seli ikikomaa huungana kuwa moja, ambayo inaweza kujaza sehemu 80 hadi 90 kati ya 100 za seli nzima, na kiini pamoja na saitoplazimu husukumwa pembeni. Seli za wanyama huwa na vifuko vidogo tu, vya muda, visivyofanana na hii.

Na sasa mchicha. Maji ya kisimani au ya bomba yana chumvi chache sana kuliko maji yaliyomo ndani ya vakuoli, na maji yana desturi ya kuvuka utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Mwenendo huo ndio uitwao osmosisi. Ukiutia mchicha majini, maji hupanda kupitia neli za shina, huingia ndani ya seli, vakuoli hujaa na kuusukuma utando, utando nao huusukuma ukuta. Ukuta hukataa kupasuka, nao husukuma kurudi ndani. Mkazo unaopatikana kati ya hao wawili mara nyingi hupita ule wa upepo uliomo katika tairi la gari dogo, na mamilioni ya seli zilizokazwa namna hiyo, zikiwa zimegandishwa pamoja, ndizo zinazolisimamisha jani lisilo na mfupa wala mti ndani yake. Mchicha ukikaa juani sokoni, maji hutoka kwenye majani kuliko yanavyoingia, vakuoli husinyaa, mkazo hupotea, na jani hulala. Halijafa. Tando zake ni nzima, kuta zake ni nzima. Limepungukiwa maji tu, kama mpira uliotoka upepo bila kutoboka. Ndiyo maana likirudishiwa maji mapema husimama. Likicheleweshwa mpaka tando zikapasuka kwa ukavu, hapo hakuna maji yatakayoliamsha.

Jambo hilo hilo unalifanya kinyume unapotengeneza kachumbari. Vitunguu vilivyokatwa vikitiwa chumvi na kusuguliwa hutoa maji mengi na kulegea, kwa kuwa sasa chumvi nyingi iko nje na maji yanaifuata. Vitunguu havikuoza wala havikuiva, bali vakuoli zake zimenyang'anywa maji.

Seli ya mnyama haina ukuta, na kwa hiyo haiwezi kufanya mchezo huu. Ukiweka chembe nyekundu za damu katika maji matupu, maji huingia kwa osmosisi kama yanavyoingia kwenye mchicha, lakini hakuna ukuta wa kuusaidia utando, nao hupasuka. Hii ndiyo sababu mgonjwa hatundikiwi dripu ya maji matupu. Ile dripu ya chumvi inayotumika hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kiasi ambacho hakiziingizii wala kuzinyang'anya chembe za damu maji mengi. Mwili wa mnyama hulazimika kuchunga muda wote kiasi cha chumvi katika damu, na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana, kwa sababu seli zetu zimeachwa bila ukuta. Nyama iliyokauka, basi, ina hasara mbili: tando zake zimekwisha kufa na kutoboka, na hata zingekuwa nzima, usingekuwapo ukuta wa kuyageuza maji yaliyoingia kuwa ukakamavu. Itanyonya maji kama kitambaa kinavyonyonya, na itabaki imelegea.

Vakuoli ina kazi nyingine ambayo ningependa binti aijue kwa mfano wa mhogo. Ndani ya vakuoli za mhogo mmea hutunza kitu kiitwacho linamarini, ambacho peke yake kimetulia. Kimeng'enya kinachoweza kukivunja linamarini kimewekwa mbali nacho, kwenye ukuta wa seli. Seli ikiwa nzima, hao wawili hawakutani. Panya au mdudu akiutafuna mhogo, seli zinavunjika, linamarini na kimeng'enya vinachanganyika, na kinachozaliwa ni sayanidi. Sumu hiyo huenda moja kwa moja kwenye mitokondria za aliyekula na kuzizuia zisitumie oksijeni. Huu ni ulinzi wa kiumbe kisichoweza kukimbia.

Bibi zetu walilijua tatizo hili na dawa yake muda mrefu kabla ya hadubini. Unapotwanga kisamvu kwenye kinu unavunja kuta na vakuoli kwa makusudi, ili linamarini na kimeng'enya vikutane humo kinuni na sayanidi ipate kuondoka, kwa kuwa huruka hewani kirahisi kisamvu kinapochemshwa bila kufunikwa. Kuloweka mhogo mchungu kwa siku kadhaa mpaka ulainike, kisha kuuanika, hufanya kazi hiyo hiyo taratibu zaidi. Mahali ambapo njaa imewalazimu watu kufupisha hatua hizo, huku wakikosa vyakula vyenye protini, umezuka ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu; umeonekana Congo, Msumbiji na hata Tanzania. Kwa hiyo tafadhali usimruhusu mtu akuambie kwamba kutwanga kisamvu ni kwa ajili ya kulainisha majani tu. Vyumba vya ndani ya seli vipo ili vitu visivyopaswa kukutana visikutane, na mhogo unalionyesha hilo kuliko mchoro wowote ninaoufahamu. Kitunguu nacho, kwa njia yake, hukutoa machozi kwa sababu ya vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa mpaka kisu kilipopita.

Kloroplasti sitaieleza kwa urefu, maana usanisinuru unastahili jibu lake lenyewe. Inatosha kusema kwamba ndani yake mna tando zilizopangwa kama sarafu juu ya sarafu, zenye klorofili inayoyapa majani rangi ya kijani. Hunasa mwanga, na kwa maji na kabonidioksaidi hutengeneza sukari na kuachia oksijeni. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba si kila seli ya mmea inayo. Ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, ile inayotumiwa maabara kuwaonyesha wanafunzi seli ya mmea, haina kloroplasti, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaozichora kwa kuwa kitabu kimesema zipo. Achore anachokiona. Kloroplasti pia zina ndugu. Nyanya inapoiva, kloroplasti zake hupoteza klorofili na kugeuka kuwa vifuko vya rangi nyekundu. Katika kiazi mbatata ndugu zao wengine hawana rangi kabisa na wamejaa wanga, lakini kiazi kikiachwa kwenye mwanga baadhi yao hugeuka kloroplasti, ndiyo maana ngozi yake huwa ya kijani. Kiazi cha namna hiyo ni vema kukiepuka, kwa kuwa mwanga huo huo huongeza ndani yake kitu chenye sumu.

Kwa upande wa mnyama kuna vyombo viwili vinavyotajwa kuwa ni vyake. Lisosomu ni vifuko vyenye vimeng'enya vya kuyeyushia. Vilitambuliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, na kazi yake ni kuvunja vilivyochakaa na vilivyomezwa. Katika mimea kazi kubwa ya namna hiyo hufanywa na vakuoli. Sentrioli, ambazo huwa mbili, husaidia kupanga nyuzi zinazovuta kromosomu, yaani mafungu ya DNA, wakati seli inapogawanyika. Mimea inayotoa maua haina sentrioli, nayo hugawanyika vizuri tu. Lakini mimi huona kwamba jambo kubwa zaidi la seli ya mnyama ni kile isichokuwa nacho. Kwa kukosa ukuta, chembe nyeupe ya damu huweza kujinyoosha, kupenya katikati ya seli nyingine na kummeza bakteria mzimamzima. Seli ya misuli hujikaza na kulegea. Seli ya neva hunyooka kutoka uti wa mgongo hadi kwenye wayo, urefu wa takriban mita moja. Seli iliyofungiwa ndani ya selulosi isingeweza kufanya lolote kati ya hayo, na mnyama aliyejengwa kwa seli hizo asingekuwa na namna ya kutembea.

Ikiwa shule ya binti ina hadubini, amwombe mwalimu watumie ngozi ya kitunguu chekundu, ile ya nje yenye rangi ya zambarau. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, hivyo haihitaji dawa ya kutia rangi. Wakiitazama katika maji ya kawaida, rangi itajaza kila chumba mpaka ukutani. Wakidondosha maji ya chumvi nyingi na kungoja dakika chache, ukuta utabaki pale pale huku rangi ikijivuta katikati. Pengo litakaloonekana ndilo litakalomwonyesha kwamba utando na ukuta ni vitu viwili.

Na nyumbani mnaweza kufanya hivi leo jioni. Menyeni kiazi mbatata kimoja, mkate vipande vitatu vyembamba vyenye urefu wa kidole, na kimoja kati ya hivyo mkichemshe dakika chache kisha mkiache kipoe. Kipande kibichi cha kwanza kiwekeni kwenye glasi ya maji matupu, cha pili kwenye glasi ya maji yaliyokorogewa vijiko viwili vikubwa vya chumvi, na kile kilichochemshwa kwenye glasi nyingine ya maji matupu. Baada ya saa mbili au tatu mwambie avishike na kujaribu kuvikunja. Cha kwanza kitakuwa kimekakamaa, na akikilazimisha kitavunjika kwa mlio. Cha pili kitajikunja kama kamba. Cha tatu, kilichomo katika maji yale yale yaliyokikakamaza cha kwanza, kitakuwa laini na kitamegeka mkononi: kuta zake bado zipo, lakini moto umeziua tando, na maji yanaingia na kutoka bila kuzuiwa na chochote, kama yanavyofanya ndani ya ile nyama.